Ruhusa ya Kuandika

Kazini kwetu ukiwa fundi mzuri wa programu, zawadi yako ni kuzuiwa ufundi. Hawasemi hivyo, bila shaka. Wanasema umepanda cheo. Wanakupa chumba chenye mlango, kiti kinachozunguka, na kalenda iliyojaa vikao mpaka nafasi ya kwenda msalani unaitafuta kwa tochi. Miaka sita iliyopita nilifanywa meneja wa mafundi kumi na wawili, na tangu siku hiyo sijaandika programu yoyote ya maana. Naandika barua pepe. Naandika tathmini za watu. Naandika "nimepokea, asante" mara arobaini kwa siku.

Sisemi haya kwa kukosa shukrani. Cheo ni dhamana, na mama yangu amekitumia cheo changu vizuri kuliko mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipomwambia naandika kodi, alidhani nimeajiriwa na watu wa mapato, akawa ananionya nisiwasumbue wenye maduka wa mtaani kwake, maana wengine wanamkopesha sukari. Nilipomweleza kwamba kodi ni maagizo tunayoipa kompyuta, mstari kwa mstari, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kompyuta yenyewe haina akili ya kujiagiza. Hakuona maana ya kazi ile hata kidogo. Lakini siku niliyopewa ofisi yenye mlango, mtaa mzima ulijua kabla ya jioni.

Ninachokitamani ni kitu kidogo, na ndiyo sababu ni vigumu kumweleza mtu. Natamani meza yangu ya zamani pale dirishani, chini ya feni iliyokuwa ikigonga kila ikizunguka. Natamani chai iliyopoa mpaka ikaota utando kwa sababu nimesahau kama ipo. Natamani ile saa ambayo kitu kimekukatalia tangu asubuhi, umeshakigeuza kila upande, umeshakitukana, halafu unabadilisha neno moja na kinaitika. Hakuna anayekupigia makofi. Unakaa tu pale ukitazama kioo cha kompyuta, na mwili wote unakuwa mwepesi. Vikaoni sijawahi kuupata wepesi huo, na nimekaa katika vikao vingi.

Basi kwa miaka mitatu nilimsumbua Mkurugenzi wetu. Ni mzee mstaarabu, anayesikiliza huku akisafisha miwani, na huwezi kujua kama amekubali au amechoka. Nilimwambia kampuni yetu ina ngazi moja tu: ukitaka kukua, uache kufanya kile kilichokukuza. Tunachukua fundi bora tunamfanya meneja wa wastani, tunapoteza wote wawili. Nikamwomba tujenge ngazi ya pili, ya mtu kukua akiwa na kazi yake mkononi. Mwaka huu akakubali. Kwa kuanzia ikatoka nafasi moja, Fundi Mkuu: cheo sawa na meneja, hana watu chini yake, kazi yake ni kuandika programu ngumu zilizowashinda wengine. Tangazo lilibandikwa asubuhi. Mchana barua yangu ya maombi ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi.

Ya pili ilitoka kwa Taratibu.

Taratibu ndilo jina tulilompa, kwa sababu ndilo neno lake. Ukimwambia jambo ni la haraka atakujibu "taratibu, dada," na kweli atalimaliza kabla ya wenye haraka. Ni baba wa mapacha, amekaa nasi miaka minane, na miwili ya mwanzo nilikaa naye meza moja. Mafundi wengi kila mwezi wana zana mpya, na kila zana mpya ndiyo iliyokuja kuikomboa dunia. Siku hizi kuna hata zana zinazokuandikia programu wewe ukiwa umekunja mikono. Taratibu huzitumia zote bila kuziabudu. Anachokiamini ni kusoma. Anasoma programu ya mwenzake kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani, asiruke neno.

Alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni.

"Dada, nasikia na wewe unaitaka ile nafasi."

"Naitaka."

"Basi mimi niache."

"Ukiacha nitakununia mwaka mzima. Omba kama watu wengine."

"Haya," akasema. "Lakini ukishindwa usininyime likizo."

Mama naye nilimpigia. Yeye alikuwa fundi cherehani, alianza na mashine moja barazani, baadaye akafungua duka akaajiri wasichana wanne. Nilidhani atanielewa.

"Yaani unashuka," akasema.

"Sishuki, mama. Nahama ngazi."

"Mimi nilishona miaka ishirini natafuta siku ya kukaa nikashika funguo, wengine washone. Wewe umepewa funguo unarudi kwenye cherehani?"

"Hukuwahi kuikumbuka?"

"Nikumbuke nini? Maumivu ya mgongo?" Akacheka. "Mwanangu, mpanda ngazi hushuka, lakini si kwa kuomba kwa barua."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa, Jumanne ile saa nane mchana, kikao changu kilipoahirishwa ghafla. Nikabaki na saa nzima isiyo na mwenyewe. Mtu mwenye busara angejibu barua pepe. Mimi nikafunga mlango nikafungua programu ya namba za foleni.

Hiyo ndiyo programu ya kwanza ambayo kampuni iliwahi kuuza. Ipo kwenye zahanati nyingi. Mgonjwa anaingia, anabonyeza kitufe cha mashine iliyo mlangoni, mashine inatoa kikaratasi chenye namba, anakaa kwenye benchi kusubiri namba yake iitwe. Nilishiriki kuiandika nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na sita. Nikaanza kuipitia kwa hamu tu, na katikati nikakutana na mstari unaosema programu isubiri sekunde mbili kila ikishatoa namba. Kusubiri nini, hakuna maelezo. Fundi akiona mstari kama huo anasikia kichefuchefu. Kusubiri bila sababu ni dalili ya mtu aliyeshindwa kulielewa tatizo akaamua kulivizia. Nikasema kwa sauti, peke yangu ofisini, "Mzembe gani huyu?" Nikaufuta.

Sasa, sisi tuna sheria, na sheria hiyo niliiandika mimi: hakuna badiliko linalokwenda kwa wateja bila jicho la pili. Ukiandika, mwenzako asome kwanza, akubali. Mfumo wenyewe unawazuia mafundi wote kupita bila hilo jicho. Wote isipokuwa mimi, kwa kuwa ruhusa yangu ilitolewa zamani, tulipokuwa mafundi wawili kampuni nzima, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Nilijiambia huu ni usafi tu. Nikaendesha majaribio, yote yakapita. Saa nane na nusu nikatuma. Nikaenda kuchota maji nikitembea kwa madaha, na mhasibu niliyepishana naye akaniuliza kama nimeposwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka sita, na sioni haya kusema hivyo hata sasa.

Jumatano asubuhi zamu ya dharura ilikuwa ya Taratibu. Saa tatu kasoro akaja mlangoni kwangu akiwa ameshabeba begi.

"Zahanati moja imepiga simu. Namba zinajirudia. Watu wawili wawili wana namba moja."

"Moja tu?"

"Moja tu. Ile yenye mashine ya kizamani. Naenda kuiona kwa macho."

Nikamwambia nakwenda naye. Sikuwa nimehisi lolote bado. Nilifurahi tu kutoka ofisini.

Ukumbi wa zahanati ulikuwa na mabenchi sita na watu wa mabenchi kumi. Nesi mmoja alikuwa katikati, ana kalamu nene, anajaribu kuandika namba mpya juu ya vikaratasi vya zamani, na kila aliyemwandikia alikuwa na mwenzake wa kubishana naye. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alitunyooshea kikaratasi chake kabla hata hatujasema sisi ni nani.

"Thelathini na moja," akasema. "Na yule baba pale ana thelathini na moja. Nikampisha, maana ni mtu mzima. Akaja mwingine akasema zamu yake imepita kwa sababu thelathini na moja imeshaingia. Mtoto anachemka tangu alfajiri."

Nesi akamchukua mtoto akampeleka ndani moja kwa moja. Baba mwenye thelathini na moja nyingine akawa anatazama sakafu, kana kwamba kosa ni lake.

Taratibu alichuchumaa kando ya mashine. Akabonyeza kitufe, akatega sikio. Akabonyeza tena mara mbili kwa haraka. Kisha akanitazama.

"Dada, sikiliza. Inaiambia programu 'tayari' kabla karatasi haijamaliza kutoka. Mtu wa pili akibonyeza upesi, inampa namba ileile." Akafungua kompyuta magotini. "Lazima palikuwa na kitu kinachoizuia. Kitu cha kuisubiri."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono begani kwake, kama tulivyozoea zamani mmoja wetu akikwama. Kwa hiyo tuliona pamoja. Mfumo wetu hutunza historia ya kila mstari: nani aliuandika, nani aliufuta, siku gani, saa ngapi. Aliyefuta mstari wa sekunde mbili nilikuwa mimi, jana, saa nane na nusu. Hilo nilishaanza kulitambua. Sikuwa tayari kwa jina la pili. Aliyeuandika, miaka kumi na minane iliyopita, nilikuwa mimi.

Hapo nikakumbuka yote. Ilikuwa zahanati hiihii, ukumbi huuhuu ukiwa na rangi nyingine. Nilikaa sakafuni siku nzima kando ya mashine hii ilipokuwa mpya, nikihesabu kwa vidole muda inaochukua karatasi kutoka. Mganga mkuu wa wakati huo alinipa kiti, nikakataa. Sikuandika maelezo kwa sababu niliona ni jambo ambalo sitalisahau maisha yangu yote. Halafu nikawa meneja, nikalisahau, nikarudi nikajiita mzembe. Nyani haoni kundule.

Taratibu hakugeuka. Aliurudisha mstari, akaongeza maelezo juu yake, na simu yangu ikatetemeka mfukoni: alikuwa ameomba jicho la pili, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nilisoma kila neno nikakubali. Dakika kumi baadaye mashine ilikuwa ikitoa namba zake kwa mpangilio, na watu wakakaa.

Tukiwa njiani kurudi hakunitajia. Mimi nilimwambia, "Taratibu, ni mimi." Akasema, "Najua, dada. Nilisoma." Basi.

Ofisini kwetu kila hitilafu huandikiwa ripoti, na ripoti haitaji jina la mtu. Utaratibu huo niliuleta mimi pia, baada ya kumkuta binti mmoja analia chooni kwa sababu jina lake lilisomwa mbele ya wakubwa. Niliwaambia mtu akiogopa kutajwa ataficha kosa, na kosa lililofichwa huzaa. Ninaamini hivyo hadi leo. Taratibu aliandika: "Mstari wa kusubiri ulifutwa bila kupitiwa na jicho la pili." Hakuna aliyefuta, ulifutwa. Sehemu ya mwisho, ya kusema tutabadilisha nini ili lisijirudie, aliiacha wazi, kwa sababu hiyo huandikwa na meneja.

Ijumaa Mkurugenzi akaniita. Ripoti ilikuwa mbele yake, na kando yake bahasha.

"Nimeamua ile nafasi," akasema, akaanza kusafisha miwani. "Nitakwambia ukweli, nilikuwa nimemwegemea kijana wako. Mtulivu, msomaji. Lakini hii ya juzi." Akagusa ripoti. "Siulizi nani, utaratibu wenu naujua na nauheshimu. Ila zamu ilikuwa yake, na programu hiyo ndiyo anayoishughulikia. Nina macho. Sitamwambia kitu, wala hatapata doa kwenye faili lake. Lakini kiti cha Fundi Mkuu siwezi kumpa mtu anayefuta vitu ovyo."

Akanisukumia bahasha.

Niliifungua. Naomba nisijifanye malaika hapa: niliisoma yote. Nilisoma jina langu, nikasoma cheo, nikasoma tarehe ya kuanza, Jumatatu ya wiki ijayo. Iliandikwa kwamba nitapewa meza katika ukumbi wa mafundi. Nilishaiona meza yenyewe, nikajiona nimekaa. Na nikajua kwamba sihitaji kusema uongo wowote ili niipate. Natakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo sheria, na sheria ni yangu. Nikasema asante, nikatoka nayo.

Ilinibidi nipite katikati ya ukumbi kurudi chumbani kwangu. Taratibu aliinua kichwa akaiona bahasha, akaniona na uso wangu.

"Hongera, dada," akasema. Alikuwa anatabasamu kweli. Nimemjua miaka minane, nalijua tabasamu lake la adabu na nalijua la kweli.

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. "Hujaniuliza kwa nini niliufuta."

"Ulikuwa mstari mbaya. Hata mimi ningeufuta."

"Bila kuonyesha mtu?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri. "Hapana," akasema. "Ningekuonyesha wewe."

Alisema hivyo bila kunisuta, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nikakaa pale nikitazama vidole vyake. Kioo chake kilikuwa kimejaa maandishi, na alikuwa amekwama mahali, niliona, nami nikaona alipokwama. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kuwa mtu aliyekaa kwenye kiti hiki, si mgeni aliyekivuta. Nikasubiri mpaka akapaona mwenyewe, nikainuka.

Mkurugenzi alikuwa bado na miwani mkononi niliporudi, nikaiweka bahasha mezani kwake.

"Ripoti haitaji jina," nikamwambia. "Lakini mwenye kosa ana mdomo wake. Ule mstari niliufuta mimi. Taratibu ndiye aliyeugundua, akaurudisha, akanificha."

Akaivaa miwani. "Wewe? Wewe uliyetuandikia sheria ya jicho la pili?"

"Mimi."

"Kwa nini hukumwomba mtu aangalie?"

"Angeuliza meneja anaandika nini. Sikuwa na jibu." Nikaitazama ile bahasha. "Nilikuwa na hamu, bosi. Nilikuwa na hamu na kazi yangu."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Aliivuta bahasha upande wake taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akaiweka kwenye droo. Halafu akasema maneno mawili matatu kuhusu uaminifu, mazuri, ambayo siyakumbuki.

Jumatatu tulimpongeza Taratibu. Alinitafuta kwa macho akiwa amesimama mbele ya watu, nami nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, maana alistahili, na kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya. Mama akapiga simu adhuhuri kuuliza matokeo. Nikamwambia nimebaki palepale. Akashukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka nikasogeza simu mbali na sikio, kisha akaniuliza mbona nalia.

Mchana nikajaza sehemu ya mwisho ya ripoti, kama meneja anavyotakiwa. Tutabadilisha nini ili lisijirudie? Jibu lilikuwa wazi, na kama kosa lingekuwa la mtu mwingine ningeliandika Jumatano ileile bila kusita. Niliandika kwamba asiyefanya kazi ya programu kila wiki asiwe na ruhusa ya kuandika. Abaki na ya kusoma. Mkurugenzi akatia sahihi.

Mwenye uwezo wa kubadilisha ruhusa hizo ni mimi peke yangu. Nilifunga mlango nikafungua orodha ya wenye ruhusa ya kuandika. Majina kumi na matatu, yamepangwa kwa tarehe ya kuingia, la kwanza ni langu. Nikalichagua nikabonyeza kuondoa. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Niliuandika mwenyewe ujumbe huo zamani, ili mtu asiondoe kitu kwa bahati mbaya.

Nikabonyeza ndiyo. Jina likatoka, mengine yakasogea juu.

Halafu nikafungua ile programu ya namba. Ilifunguka vizuri, mistari yote mahali pake. Nikaweka kidole kwenye kibodi nikabonyeza herufi moja tu, yoyote. Hakikutokea kitu. Nikaendelea kuisoma mpaka nilipoitwa kikaoni.